Punje Mbili za Kura

Mashine ya kaka yangu bado ipo. Imefunikwa turubai nyuma ya nyumba yake, kando ya njia inayoingia kijijini kutoka njia panda ya Mkiwa. Mvua ikinyesha, chuma chake hutoa harufu ya mashudu, makapi ya mbegu iliyokamuliwa, ingawa hakijagusa mbegu ya alizeti kwa muda mrefu. Kuku hutaga chini yake. Shemeji yangu, mkewe, hakubali iuzwe, wala hasemi kwa nini.

Watu wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kwa nini mimi bado natetea soko la dunia na kura ya siri, wakati vitu hivyo viwili vilimuumiza mtu aliyenilea. Huniuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtu kwa nini bado anafuga mbwa aliyemng'ata mwanawe. Sijawahi kuwa na jibu fupi. Hili ninaloandika ni refu, na sina hakika kama litawatosha.

Baba yetu alifariki nikiwa bado mdogo. Kaka, kifungua mimba, aliacha shule akashika jembe na ng'ombe ili mimi nimalize darasa la saba. Nilimaliza, nikaishia hapo. Mengine niliyoyajua nimeyaokota: redio, kamusi kuukuu niliyoinunua mnadani, magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na baadaye simu. Neno utandawazi nililisikia kwanza redioni, nikadhani ni ugonjwa mpya wa mifugo. Nilipolielewa, nilikuwa tayari naishi nalo. Nina kibanda cha kutengeneza simu Utemini, mjini Singida, na kila kioo ninachobadilisha kimetoka kiwandani ng'ambo, mikononi mwa watu ambao sitawaona. Bila watu hao mimi ningekuwa mtu mwenye bisibisi tu.

Kaka alipopata mashine ya kukamua alizeti, kijiji kilibadilika sauti. Injini ya dizeli ilianza kunguruma asubuhi, mkanda ukazunguka, na mafuta yakashuka taratibu, ya rangi ya asali, yakipita kwenye chujio hadi kwenye ndoo. Wanawake walisubiri zamu wakiwa wamekaa juu ya magunia yao. Wenye nguruwe walikuja kuchukua mashudu. Watoto walichovya vipande vya viazi kwenye mafuta ya moto kidogo wakafukuzwa, wakarudi. Kaka alitembea katikati ya hayo yote, suruali yake iking'aa kwa mafuta, akitania kila mtu. Akimwona mkulima aliyeleta mbegu yenye mchanga, alimwambia, "Shemeji, leo tukamue mafuta au tukamue barabara?"

Wakulima wa alizeti walipounda kikundi, hakuna aliyejiuliza nani awe mwenyekiti. Walikubaliana pia kwamba mbegu ya kikundi itawekwa katika ghala moja na kukamuliwa hapo kijijini, kwenye mashine ya kaka. Mafuta waliyapanga kwenye madumu pale njia panda, na abiria wa mabasi ya kwenda Dodoma na Tabora walinunua kupitia madirishani.

Kila baada ya misimu kadhaa walichagua viongozi, na kila mara walichagua kwa mstari. Anayegombea anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, mistari inalinganishwa kwa macho, kazi imekwisha. Nyuma ya kaka mstari ulitoka nje ya ghala. Nyuma ya mpinzani, kama alikuwepo, walisimama ndugu zake wawili watatu wakitazama chini.

Kwa miaka mingi niliona utaratibu ule ni mzuri. Haukuhitaji kusoma, haukuhitaji karatasi. Kasoro yake nilikuja kuiona siku moja nikiwa nimesimama pembeni, kwa sababu ya jambo ambalo mgeni asingelitambua. Kwetu mkwe na mkamwana huoneana haya. Mke wa mtu hakai karibu na baba mkwe wake, hampiti kwa mbele, na kumgusa bega ni balaa. Basi mzee akishaingia katika mstari, mke wa mwanawe hawezi kusimama nyuma yake katika msongamano ule, wala hathubutu kwenda mstari wa pili akaonekana anampinga. Anakwenda ukutani na kusubiri. Siku hiyo nilitazama ukuta wa ghala nikaona umejaa wanawake, wote wakulima, wote wanachama. Hawakuwa katika mstari wowote.

Kisha yakaja mafuta ya nje. Hayakuja kwa kishindo. Siku moja duka la njia panda lilikuwa na madumu ya njano yenye maandishi ya kigeni, na yalikuwa ya bei nafuu. Wiki chache baadaye kila duka lilikuwa nayo, na mama lishe waliokuwa wateja wa kaka wakawa wanapita na madumu hayo vichwani wakiyafunika kwa kanga, kwa aibu. Madumu yetu yakakaa juani barabarani mpaka mafuta yakabadilika rangi.

Jioni moja nilikwenda kumwamkia, nikamkuta amekaa juu ya injini iliyozimwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Njoo wewe msomi wa magazeti. Hayo mafuta ya njano anakamua nani?"

"Wakulima kama sisi. Wana michikichi, huko Asia."

"Wananijua?"

"Hapana."

"Sasa watu wasionijua wananiuaje?"

Nilimwambia kwamba hata ile injini aliyokalia ilitengenezwa na watu wasiomjua, na ilivuka bahari ileile. Aliipiga kofi, kama anavyopigwa ng'ombe mgongoni.

"Hii niliiita," akasema. "Mafuta yale yamekuja bila kuitwa."

Najua tu kwamba mama lishe yule mwenye kanga alikuwa na watoto wa kulisha, na kwa dumu la njano alikaanga maandazi mengi zaidi. Yeye pia aliuita ule mzigo, kwa namna yake.

Mwaka huo akaja wakala wa mnunuzi wa mbali. Hakutaka mafuta. Alitaka mbegu nzima, kwa magunia, apeleke nyingine kwenye kiwanda kikubwa na nyingine nje ya nchi, na alitaka kikundi kizima kiuze pamoja. Bei yake ilikuwa nzuri kuliko ya yale mafuta ya barabarani. Lakini mbegu ikiondoka nzima, mashine ya kaka ingebaki bila cha kukamua. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelisema mbele yake.

Kikao kiliitishwa. Asubuhi yake, nikiwa mwanachama kwa sababu ya kipande cha shamba la baba, nilimwendea kaka. Nilimwambia kwamba jambo hili lisiamuliwe kwa mstari, kwa kuwa atakayesimama upande wa wakala atakuwa anamgeuzia yeye mgongo mchana kweupe. Nikapendekeza kila mmoja apewe punje mbili, ya hindi na ya alizeti. Hindi maana yake tuendelee kukamua kwetu. Alizeti, tuuze mbegu nzima. Mtu aende peke yake nyuma ya rundo la magunia, atumbukize punje moja katika debe la kura na ile nyingine katika debe la kutupia. Asiulizwe na mtu alitumbukiza ipi.

Nilitegemea akatae. Alicheka.

"Unadhani nawaogopa watu wangu?" Akaingia ndani, akatoka na madebe mawili ya mashine yake, akayatoboa vifuniko mwenyewe kwa patasi. "Haya. Wasije wakasema mwenyekiti aliwafunga midomo."

Watu waliingia nyuma ya magunia mmoja mmoja. Mzee mmoja alitania kwa sauti, "Jamani, huku nyuma kuna giza, mwenyekiti ameniwekea mke?" Wakacheka. Ilipofika zamu ya wanawake wa ukutani, kicheko kiliisha. Mmoja wao, mwanamke kijana aliyekuwa mkamwana wa mzee yule mtani, alishika punje zake akamuuliza kaka, "Na sisi pia, baba?"

"Kwani nyie hamlimi?" kaka akamjibu.

Akaingia. Akatoka. Akarudi mahali pake akawa anatazama viganja vyake.

Kaka ndiye aliyemwaga debe la kura juu ya turubai, kwa mikono yake. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Weusi ulienea turubai nzima, na mahindi yalionekana hapa na pale kama meno ya mtoto. Alichuchumaa pale kwa muda. Nilimwona akisogeza punje za njano kwa kidole, akizikusanya pamoja, kana kwamba zikikaribiana zitaongezeka.

Kisha akasimama. "Wanakikundi," akasema, "kikao kimeamua. Mbegu itauzwa nzima. Katibu, andika." Akawashukuru kwa kufika, akamwomba mchungaji na shehe waliokuwepo kila mmoja afunge kwa dua yake, kama kawaida. Sauti yake haikutetemeka. Nimewahi kusikia redioni viongozi wa mataifa makubwa wakishindwa kusema maneno yale. Kaka yangu aliyasema siku ileile, mbele ya watu walioliamua jambo hilo, akiwa ameshika kifuniko cha debe lake.

Njiani kurudi nyumbani, kwenye miti ya mipaka ya shamba la baba, alisimama.

"Asubuhi wote waliniamkia," akasema. "Shikamoo mwenyekiti, shikamoo mwenyekiti. Mchana wamenizika."

"Hawajakuzika, kaka. Wamezungumzia mbegu zao."

"Kwenye mstari wangesimama nyuma yangu."

"Wangesimama, ndiyo."

Hapo nikaona kimemwingia kile ambacho sikuwa nimekifikiria. Kura ile haikuishia kwenye msimu mmoja. Ilirudi nyuma ikaigusa mistari yote ya zamani. Kuanzia siku hiyo hakujua tena kama ile mistari mirefu iliyotoka nje ya ghala ilikuwa ni upendo, au ni watu walioshindwa tu kusimama pengine.

Misimu iliyofuata ilikuwa mizuri. Mabati mapya yaling'aa kijijini. Wasichana kadhaa walikwenda sekondari za mbali badala ya kuolewa. Wanawake wa ukutani walipata malipo yao kwenye simu zao wenyewe, na baadhi yao waliniletea simu hizo Utemini, wakinisisitiza niwafundishe kuweka namba ya siri ambayo hata mume haijui. Niliwafundisha. Nilikuwa nikiwaza mashine iliyofunikwa turubai, nikiwafundisha.

Katika kipindi hicho nilisoma kwamba mahindi na alizeti, vyote viwili, asili yake ni Amerika, na vilifika kwetu kwa wafanyabiashara na safari za karne nyingi. Nilifurahi kama aliyepata dawa. Nilipanda basi mpaka Mkiwa kwenda kumwambia kaka kwamba chakula chetu chenyewe kilikuja bila kuitwa, na leo tunakiita cha asili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitafuna kipande cha muwa.

"Kwa hiyo punje zote mbili zilikuwa ngeni?"

"Zote mbili."

"Basi nilizikwa na wageni wawili," akasema, akatema makapi. "Afadhali. Nilidhani ni ndugu."

Tulicheka sote, na ilikuwa mara ya kwanza tangu kikao kile.

Ukafika msimu ambao mnunuzi hakuja. Hakutuma salamu. Bei huko duniani ilikuwa imeanguka, na wakala aliacha kupokea simu. Magunia yalikaa ghalani, panya wakaanza sherehe. Walionicheka kwa kutetea dunia walikuwa na haki, nami sikubishana nao. Soko halina huruma kwa kuwa halina uso. Nimejifunza kutolitetea kwa kulisifu. Nalitetea kama ninavyoitetea barabara ya lami: inaua watu, na hakuna mtu wa njia panda anayetaka ing'olewe, bali wanataka matuta, alama, na haki ya kumuuliza aliyeijenga.

Watu wakamwendea kaka. Walikwenda kwa makundi, jioni, wakajipanga uani bila kukaa. Aliwaacha wamwamkie mmoja mmoja. Halafu akavua turubai. Kwa siku nyingi injini ilinguruma tena na akawakamulia wote, walioweka hindi na walioweka alizeti, kwa kuwa hakujua nani aliweka ipi. Kejeli yake ilikuwa moja tu. Kila aliyefika na gunia alimpokea kwa maneno yaleyale: "Karibu, mpiga kura."

Wale watu walitamani awatukane. Ingekuwa rahisi zaidi kwao.

Msimu uliofuata mnunuzi alirudi na bei nzuri, na mbegu ikaondoka tena. Kaka aliniambia kwamba ukimya wa mara ya pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu safari hii alikuwa amekwisha kuzoea kuutarajia mngurumo. Muda mfupi baadaye alipooza upande wa kulia. Tulimpeleka hospitali, akarudi na vidonge vilivyotengenezwa India. Alivikagua kifungashio kila asubuhi. "Na hivi vimevuka bahari," alimwambia shemeji. "Mdogo wangu atafurahi." Vilimpa muda ambao baba yetu, aliyeugua ugonjwa huohuo, hakuupata. Hilo silisemi ili kushinda hoja. Nalisema kwa sababu ni muda ambao nilikuwa na kaka.

Uenyekiti aliuachia. Wanachama walimchagua yule mwanamke kijana wa ukutani, kwa punje, kwa kuwa mstari ulikuwa umekwisha kusahaulika. Yeye ndiye aliyeleta pendekezo jipya: sehemu ya mbegu iuzwe nje, na sehemu ibaki ikamuliwe kijijini, ili mnunuzi akipotea tena wasikutwe mikono mitupu. Wengine walipinga, maana mnunuzi alitaka yote. Ikapangwa kura. Hindi, tubakize sehemu. Alizeti, tuuze yote.

Kaka alisema atakwenda. Tulimpandisha bodaboda, mimi nikakaa nyuma yake nikimshikilia kifuani, dereva akienda polepole kama anabeba mayai. Ghalani watu walisimama alipoingia. Mwenyekiti mpya alipiga goti kidogo kumwamkia, kisha akampa punje zake mbili kama alivyompa kila mtu. Nilimshika mkono tuende pamoja nyuma ya magunia, kwa kuwa vidole vyake vya kulia havikufanya kazi na mguu ulikuwa unaburuta.

"Wewe baki," akasema.

"Utaanguka, kaka."

"Nikianguka mtasikia. Baki."

Nilibaki. Alikaa kule nyuma muda mrefu. Tulisikia mguu ukiburuta, tukasikia punje moja ikigonga bati la debe. Tulisubiri ya pili, hatukuisikia. Alitoka akiwa amefumba kiganja cha kushoto, akapita mbele ya watu wote bila kumtazama mtu, akaketi. Hakuna aliyemuuliza. Pendekezo la kubakiza sehemu lilishindwa, kwa tofauti ndogo. Mwenyekiti alitangaza matokeo kwa maneno yaleyale ya kaka: kikao kimeamua. Niliona kaka anatikisa kichwa kwa kukubali, taratibu, kama mwalimu anayesikia somo likirudishwa sawasawa.

Njia nzima ya kurudi kiganja kile kilikuwa kimefumbwa. Nilitaka kujua kwa kiu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa jambo lolote. Iwapo alitumbukiza hindi, basi alikuwa bado anaitaka mashine yake, na alikufa akishindwa mara ya pili. Iwapo alitumbukiza alizeti, basi alikuwa ameiachia mwenyewe, na mimi pia amenisamehe. Kumuuliza nilishindwa. Mimi ndiye niliyeweka sharti kwamba mtu asiulizwe.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Tulimzika jirani na baba, na watu waliojaa uani walikuwa wengi kuliko mstari wowote ninaoukumbuka. Safari hii hakukuwa na anayewatazama ili kujua nani amekuja na nani hajaja.

Baada ya matanga kumalizika na wageni kuondoka, nilimkuta shemeji uani anapepeta mtama. Nguo za marehemu zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa, tayari kugawiwa.

"Shemeji," nikasema, "ile siku ya kura alirudi na punje mkononi. Hukuiona?"

"Niliiona. Ilikuwa mfukoni mwa koti. Niliikuta wakati nafua."

"Uko wapi sasa, huo ushahidi?"

"Nimewatupia kuku."

Nilitazama kuku wakizunguka chini ya turubai la mashine, wakipekua. Nikajizuia kadiri nilivyoweza, haikutosha.

"Ilikuwa ipi?"

Aliacha kupepeta. Alinitazama kwa macho mekundu ya mjane, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona dalili ya tabasamu, dogo, la upande mmoja, kama alilobaki nalo kaka baada ya kupooza.

"Shemeji yangu," akasema, "si wewe uliyetufundisha kwamba hiyo haiulizwi?"

Akaendelea na mtama wake. Nami nikakaa kwenye kigoda cha kaka, nikawa nawasikiliza kuku.